Mnazi Hupandwa na Mwenyeji: Tuliyoyasahau Katika Historia ya Rabai

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi wa Rabai Mpya, Kaunti Ndogo ya Rabai. Tumeichapisha kama alivyoisoma, isipokuwa salamu za itifaki, ambazo zilikuwa ndefu.)



Nimeitwa nizungumzie historia ya kijiji hiki, na sina budi kuanza kwa kuungama. Miezi michache iliyopita niliandika maelezo ya kuwekwa kwenye bango la kuwaelekeza wageni. Niliyaandika nikiwa ofisini, maneno kama 150 hivi, na nikiri niliyapenda. Yalisema Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifika hapa mwaka 1846 wakaanzisha misheni, kwamba hapa ndipo walipotokea Wazungu wa kwanza kuandika habari za Kilimanjaro na Mlima Kenya, na kwamba misitu ya kaya zetu imo katika orodha ya urithi wa dunia. Yote ni kweli. Kabla ya kuyapeleka kwa mchoraji, nikashuka na karatasi yangu hadi kwa bibi mmoja mwenye shamba la minazi mteremkoni, nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikuna nazi, kisha akauliza, "Mwanangu, na sisi tuko wapi?"

Nikamwonyesha. Bibi, hapa pameandikwa "pamoja na wakazi wa Rabai."

Akasema, "Hao wakazi walikuwa na majina, kama hao Wazungu wako."

Mbao za bango zilikuwa zimeshanunuliwa. Nikarudi na karatasi yangu mfukoni, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza upya. Leo ninawaletea nilichokipata, nanyi mtanisahihisha.

Nianze na wenye nyumba. Misheni ilipofika hapa ilikuta mji, na mji huo ulikuwa na serikali yake. Wazee wa kambi walikutana moroni, ndani ya kaya, wakaamua kesi, wakaamua nani anapewa mahali pa kulima na nani anazuiwa njiani. Kaya Mudzi Muvya, ambayo jina lake ni "mji mpya," Kaya Bomu, Kaya Fimboni: hizi zilikuwa ngome za watu zilizozungushiwa msitu, na fingo limezikwa mahali wanapopajua wachache. Watu walipotoka kwenda kukaa mashambani, msitu ukabaki na heshima yake. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziandika kaya za Rabai pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia, na mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya zikawekwa kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Nawaomba mlitie maanani hilo neno haraka. Halikuwekwa pale kwa mapambo.

Kwa hiyo Agosti 1846 Krapf na Rebmann walipanda mlima huu kama wageni walioomba ruhusa na kupewa. Na hali yao ilikuwa ya kusikitisha. Krapf alikuwa amewazika mkewe na mtoto wake mchanga kule Mombasa miaka miwili nyuma. Siku ya kuhamia hapa, tarehe 25 Agosti, wote wawili walikuwa na homa, wakawa wanapokezana punda mmoja. Kama wazee wa Rabai wangetaka kuwazuia, wasingehitaji hata mkuki. Lakini waliwapokea.

Hapo ndipo niliporukia milima yenye theluji katika maelezo yangu ya kwanza. Ni kweli kwamba Rebmann aliiona Kilimanjaro Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya Desemba 1849, na wataalamu wa London wakawacheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Nilichokiruka ni kwamba Rebmann aliongozwa hadi Uchagani na mtu aitwaye Bwana Kheri, aliyeijua njia, na Krapf alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani. Hawa wawili hawakuhitaji kuambiwa kwamba mlima upo.

Krapf aliondoka baada ya miaka michache. Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29 katika nchi hii bila kurudi kwao Ujerumani hata mara moja, na waliobatizwa katika muda wote huo walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu. Mwingine alikuwa Abe Gunja. Mwaka 1875, Rebmann alipokuwa ameshapofuka, aliyemshika mkono kumpeleka mpaka Ujerumani alikuwa mtoto wa Abe Gunja, kijana aitwaye Isaac Nyondo. Fikirieni safari hiyo: kijana wa mashamba haya, baharini, akimwelekeza mzee wa Kizungu arudi kwao. Nikiulizwa, bango zima lingeweza kuwa juu ya Nyondo peke yake, lakini bibi yule angeuliza tena swali lake, kwa sababu yeye si wa ukoo wa Nyondo wala wa ukoo wa kaya. Wake walikuja kwa njia nyingine.

Mwaka 1864 walifika hapa vijana Waafrika waliosema Kiingereza na lugha za Bara Hindi. Walikuwa wametekwa utotoni, wakapakiwa majahazini kupelekwa kuuzwa, na manowari za Waingereza zikawakomboa baharini. Walilelewa shuleni Nasik, karibu na Bombay, wakafundishwa ufundi na Biblia. Watu wakawaita Wabombay. Miongoni mwao walikuwa George David, Ishmael Semler na William Jones. Kwa miaka mingi, Wazungu walipougua, kufa au kuhama, watu kama hawa ndio walioendesha kazi ya misheni hapa.

Mnivumilie kidogo kwa William Jones. Mwaka 1885 alitawazwa kuwa shemasi, na mwaka huohuo akasafiri na Askofu Hannington kuelekea Uganda. Walipofika magharibi, Hannington akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu hamsini hivi, naye akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Ilimbidi Jones awarudishe waliobaki kwa miguu, kuvuka Kenya nzima kabla haijaitwa Kenya, na Februari 1886 akaingia nao Rabai. Mbele ya msafara kulibebwa kitambaa cha buluu kilichoandikwa kwa herufi nyeupe: Ichabod. Wasomaji wa Biblia wanajua maana yake, kwamba utukufu umeondoka. Nimepita barabara hiyo ya kupandia huku mara nyingi sana na sikuwahi kujua.

Sasa nafika kwa watu wa bibi yule, na hapa lazima nitaje kwetu. Mimi ni mtu wa upande wa Malindi. Katika miaka ya 1860 na kuendelea, Malindi ilifufuka kwa kilimo. Mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalilimwa, nafaka ikapelekwa Uarabuni kwa majahazi, na jembe lilishikwa na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia biashara hiyo baharini, lakini aliyekuwa tayari shambani alibaki shambani. Basi wakaanza kutoroka. Walitoka Malindi, Takaungu, Mombasa, wakaingia msituni na bara. Wengine walikwenda Fuladoyo, ambako David Koi, aliyewakaribisha, aliuawa mwaka 1883. Wengine walipanda mlima huu.

Rasmi, misheni ilikuwa imeagizwa isipokee watoro. Wenye mashamba walikuwa na sheria upande wao, na balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja hakutaka vita. Lakini Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bidhaa ndani ya jahazi, alikuwa amepewa kazi ya kuwafukuza watu waliokimbia jambo lilelile. Sihitaji kuwaeleza alichofanya. Mwaka 1888 watu walipohesabiwa, watoro waliopatikana Rabai walikuwa mamia. Walikuwa wamejenga, wamelima, wamezaa watoto.

Habari ikafika Mombasa, na wenye watumwa wakaanza kujiandaa kuja kuwachukua kwa nguvu. Wakati huohuo kampuni ya Waingereza iliyopewa kuisimamia pwani, Imperial British East Africa Company, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kazi. Mkuu wake, George Mackenzie, aliona vita inakuja mlangoni kabla hata hajafungua ofisi, akaamua kulipa. Makubaliano yalikuwa dola 25 kwa kila kichwa. Nataja bei hiyo makusudi, kwa sababu nyanya wa nyanya za watu waliokaa hapa leo wanahesabiwa ndani yake. Tarehe 1 Januari 1889, hapa Rabai, watu wakaitwa mmoja mmoja wakapewa vyeti vya uhuru. Ukichanganya na waliokuwa katika misheni nyingine za karibu, walikuwa zaidi ya 1,400. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kwenye ukanda wa pwani hadi mwaka 1907, yaani miaka 18 baadaye.

Nilipomrudia bibi nikamwambia nimeyapata haya yote, alitikisa kichwa tu. Akasema cheti cha babu yao kililiwa na mchwa kabla yeye hajazaliwa. Kisha akanishika mkono akanionyesha mnazi nyuma ya jiko. "Cheti ni hiki."

Wakulima hapa mmeshanielewa, lakini nieleze kwa ajili ya wasomaji wa jarida letu wanaotoka sehemu zisizo na minazi. Kwa desturi ya pwani, mgeni aliyepewa kipande cha kulima huruhusiwa kupanda vitu vya msimu, mahindi, kunde, mihogo. Mti wa kudumu hapandi. Anayepanda mnazi anasema kwamba yeye na watoto wake hawaondoki, na jirani anayemwacha aupande anakubali maneno hayo mbele ya mashahidi. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, halafu ukaendelea kuzaa kwa umri mzima wa mtu na zaidi. Hakuna anayepanda mti wa namna hiyo mahali anapongoja kufukuzwa.

Na kwa sababu hiyo mnazi una sheria zake. Shamba laweza kuwa la mtu huyu na minazi iliyo ndani yake ikawa ya mwingine. Mnazi unawekwa rehani mtoto aende shule. Unatolewa kwenye mahari. Unarithiwa kwa kuhesabiwa, mmoja mmoja, na mzee anayekumbuka hesabu hiyo anaitwa kwenye kila kesi. Mgema anaupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni, naye anajua mwenye kila mti kuliko ofisi yoyote ya ardhi. Hata lugha yetu inaufuata mnazi katika umri wake wote: kidaka, dafu, koroma, nazi, mbata. Kumbi linasokotwa kamba, makuti yanaezeka. Nikiwa mtoto nilidhani kila mtu duniani analala chini ya makuti.

Hiyo minazi ya kwanza ya waliopata uhuru mingi imeshaanguka. Lakini nimetembezwa katika mashamba matano hapa, na katika yote nimeambiwa jambo lilelile: mnazi ukianguka, mwingine hupandwa kando ya kisiki, mstari usipotee. Bibi alinionyesha mstari wa babu yao, akanionyesha makaburi mwishoni mwake. Hayana mawe yaliyoandikwa. Yana mnazi tu.

Nisifiche kwamba hili lina uchungu wake. Nimezungumza na wazee wanaokumbuka kuulizwa shuleni, "Kaya yenu ni ipi?" wakanyamaza. Nimewasikia watu wazima wakiitwa watu wa misheni kwa sauti ambayo si ya sifa. Miaka ya nyuma neno hilo lilikuwa la utani. Sasa ardhi kutoka Mazeras kuja huku inapimwa na kukatwa ploti, na neno la utani limepata bei. Mtu akikumbushwa leo kwamba babu yake alikuja, kesho anaweza kuambiwa shamba alipewa kwa muda tu. Mimi ni afisa wa habari, siamui kesi za ardhi, na nisingependa mtu atoke hapa akasema kaunti imeamua. Ninachoweza kusema ni kile ambacho historia inaonyesha: waliopewa vyeti mwaka 1889 walipewa mbele ya watu, hapahapa, na walipopanda minazi yao majirani zao Arabai waliona na hawakuing'oa. Mzee mmoja wa kaya aliniambia jambo ambalo ameniruhusu nilirudie: kwamba wazee wao walimpokea Mzungu mwenye homa, basi wangemkataaje Mwafrika mwenye alama za minyororo?

Wakati huohuo minazi inakatwa. Mbao za mnazi zina soko, na fundi mwenye msumeno wa mashine anamaliza shamba kwa siku mbili. Silaumu, ada za shule tunazijua sote. Lakini mstari wa mnazi ukishakatwa na kisiki kikang'olewa, na mzee aliyejua hesabu akafa, hakuna faili yoyote mahali popote inayoweza kuurudisha.

Basi ombi langu. Anayetaka kukata, kabla hajakata, anitumie ujumbe mimi au amwambie mzee wa mtaa. Nitakuja na kamera na kitabu, tuandike mti uko wapi, ulipandwa na nani, uko kati ya nani na nani, na majirani waweke majina yao. Haitakuzuia kukata. Karatasi hiyo haitakuwa hati ya ardhi, na yeyote atakayewaambia ni hati ya ardhi anawadanganya. Itakuwa kumbukumbu tu, nakala moja kwako, moja kwa mzee wa mtaa, moja kwetu. Makaburi nayo vivyo hivyo. Na wenye karatasi za zamani, vyeti vya ubatizo, barua, picha, msinipe mimi. Narudia, msinipe. Karatasi nyingi zimeondoka kijijini hapa mikononi mwa watu wenye heshima zao na hazikurudi. Nitazipiga picha mezani kwenu, mkiziangalia, kisha mzirudishe sandukuni. Ila lile sanduku litoeni chini ya kitanda, mchwa hawajui historia.

Wa kaya nao wana ombi lao, wameniomba nilifikishe: kuni zisitafutwe ndani ya msitu na ng'ombe wasiingizwe, hata wakati wa kiangazi. Anayetaka kuingia aombe, kama Krapf alivyoomba.

Namalizia kwa bango. Nimeandika upya. Nitawasomea, kisha mseme.

"Rabai Mpya. Wenyeji wa hapa ni Arabai, ambao wazee wao walitawala kutoka Kaya Mudzi Muvya na kaya za jirani. Mwaka 1846 waliwapokea Krapf na Rebmann. Mringe, Abe Gunja na Isaac Nyondo walikuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza. Kuanzia 1864 walifika Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi, wakiwemo George David, Ishmael Semler na William Jones. Miaka ya 1880 mamia ya watu waliotoroka utumwa katika mashamba ya pwani walipata kimbilio hapa, na tarehe 1 Januari 1889 walipewa vyeti vya uhuru. Walipanda minazi. Wajukuu wao wapo."

Bibi amesikia haya jana jioni. Amesema ni afadhali, lakini bado hakuna jina hata moja la mtoro, na hakuna jina la mwanamke. Ni kweli. Majina hayo hayamo katika vitabu nilivyosoma, yamo kwenu. Nimeacha nafasi ya mistari minne chini ya bango, na mchoraji amekubali kungoja mwezi mmoja. Daftari liko pale mezani kwa mwalimu, na kalamu zipo mbili.